Kitambaa cha Mama Juu ya Skrini Ngumu

Nyumbani kwetu Nakuru, rimoti ya televisheni ilizeekea ndani ya karatasi ya nailoni iliyotoka nayo dukani. Televisheni yenyewe ilivaa kitambaa cha kufuma chenye mawaridi, kazi ya mama. "Kitunze kikutunze," alituambia, na ole wako ukishika kitu kipya kabla hakijavalishwa.

Kwa hiyo mnielewe. Mwaka wa 2007 nilipata kazi kwenye kinu cha udongo mweupe karibu na Elmenteita, miezi mitatu ya majaribio kwanza. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia joto la tanuri la kukaushia udongo kwenye skrini. Vumbi la pale halikuwa na adabu. Liliingia kwenye chai, kwenye nywele, hata kwenye soksi, na ndilo lililoiua skrini ya zamani.

Aliyetuletea nyingine alikuwa Kalasinga mmoja mwenye duka la umeme mjini, mzee wa kilemba cha buluu na maneno machache. Skrini yake ilikuwa nzito, kioo kinene, na mgongoni ilikuwa na mbavu za chuma. "Hii ni ngumu," aliniambia. "Vumbi, maji, kuanguka, haijali. Wachana nayo tu."

Niliachana nayo siku moja. Kuona vumbi likitua juu yake vile, roho iliniuma. Kesho yake niliifunga nailoni mbele na nyuma, nikabana kwa selotepu, na juu nikaitandikia kitambaa cha mawaridi ambacho mama alinifumia nilipoanza kazi. Nilijiona mwerevu kweli, na wenzangu wakanisifu.

Siku ya tatu, saa saba mchana, skrini ikazimika. Bila skrini hakuna aliyejua joto la tanuri, basi tanuri likazimwa na kinu kizima kikanyamaza. Msimamizi alimpigia Kalasinga simu, kisha akatutangazia kwamba aliyeharibu skrini angeenda nyumbani siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimebakisha siku nne majaribio yaishe.

Mzee alipofika aliitazama, akagusa mawaridi.

"Nani amevalisha hii kitu?" msimamizi akauliza.

Walewale walionisifu walianza kukagua viatu vyao.

"Ni mimi," nilisema. "Nilikuwa naikinga na vumbi."

Mzee alibandua nailoni taratibu, akanionyesha zile mbavu. "Hapa ndio inatoa joto. Umeivalisha sweta na iko jikoni, dada."

Tulingoja ipoe, akaiwasha, namba zikarudi. Kisha akanipa mpira wa maji. "Piga maji."

Nilidhani ananitania. "Piga," akarudia. Niliinyunyizia nikiwa nimefumba jicho moja. Vumbi likateremka lote, na namba zikaendelea kuwaka.

Msimamizi alikuwa bado amekunja uso.

"Boss," mzee akamwambia, "miaka yote nauza mashine, watu wanazipiga ngumi. Huyu amevalisha yangu nguo. Mwache."

Niliachwa, na wiki iliyofuata nikaajiriwa. Siku ya mapumziko nilienda dukani kwa mzee kufuata kitambaa, maana alikuwa amekibeba pamoja na vifaa vyake. Nilikikuta juu ya televisheni ya kaunta, mawaridi yakiwatazama wateja. Kando yake ilikaa rimoti, ndani ya nailoni.

"Hiyo haitoki," alisema. "TV yangu si ngumu kama yenu."

Nilimwachia. Mama nilimwambia kiko kazini.