Kiganja Juu ya Beringi

Nikijilaza mchana hapa Mukendo, Musoma, kitanda huanza kutetemeka taratibu, na harufu ya mafuta ya moto hunijia puani. Mke wangu husema ni uzee. Mimi najua ni ile meli ya mvuke iliyobeba askari ziwani wakati wa vita ya Uganda, nami nikiwa fundi wake wa mashine. Vita yenyewe sikuiona. Niliisikia kwa vishindo vya miguu juu ya kichwa changu: tukienda, buti nyingi, tukirudi, chache.

Kule chini siku haikuwa na asubuhi wala jioni. Chai tuliichemsha juu ya bomba la mvuke, na wa juu walituita panya, ingawa bila panya hao wangepiga kasia. Kazi yangu kubwa ilikuwa kugusa. Unaweka kiganja juu ya beringi, pale mhimili wa mashine unapozungukia, unahesabu. Ukifika tano bado unavumilia, heri. Ukiishia mbili, punguza mwendo, la sivyo chuma kitayeyuka na meli itaelea kama gogo.

Safari moja ya kurudi Musoma, walimlaza askari mmoja karibu na mashine, maana jeraha lilimtia baridi. Kwao Bunda, wakulima wa pamba. Daktari wa jeshi akaninong'oneza kwamba akiwahi hospitali atapona. Nikaipa mashine mvuke wote. Haukupita muda, nikagusa beringi. Moja, mbili. Mkono ukaruka wenyewe.

Nahodha akafoka kwenye bomba la kusemea: kasi, kasi! Nikajisemea, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; yeye hakuigusa beringi. Meli ilikuwa imejaa majeruhi. Nikapunguza.

"Fundi, mbona mdundo umepungua?" akauliza yule askari.

"Tumekaribia," nikamwambia.

Nilimdanganya. Musoma ilikuwa mbali bado. Akatabasamu, akaanza kunisimulia jinsi pamba inavyopasuka shambani kwao, nyeupe hadi barabarani, polepole, polepole, mpaka maneno yakamwishia. Tulipofunga kamba gatini, alikuwa ameshakata roho.

Vita ilipokwisha nilikwenda Bunda kwa mama yake. Niliona aibu kupokea pole na shukrani nisizostahili, nikamweleza yote: beringi, mwendo, na neno nililomwambia mwanawe. Alikuwa anachambua pamba. Mikono ikasimama.

"Huyo alikuwaga anaogopa maji tangu mdogo," akasema. Kisha akauliza, "Mlikuwa wangapi humo?"

"Tulijaa, mama. Zaidi ya mia."

Akaiweka pamba kando.

"Basi ulifanya sawa, baba. Na hao wengine wana mama zao."

Akanisogezea kiti, akaniletea maji ya kunywa, akaingia ndani. Nilikaa pale hadi jua likageuka. Hakutoka kuniaga.