Ongeza Kumi

Mume wangu ni mtu wa kunyamaza, na kwa hilo nimemkasirikia tangu nimjue. Amekuwa fundi wa bodi za magari miaka thelathini na minane, kutwa nyundo mkononi, lakini ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi kwa kuuweka njiani. Mimi sikuumbwa hivyo. Mtu akinichokoza, jibu lake huwa tayari kabla hajamaliza kusema.

Siku moja wifi yangu, dada yake, alikuja na gazeti. Ndani yake kulikuwa na picha ya Kiroboto.

Kiroboto lilikuwa gari la mashindano. Mume wangu alilitengeneza ujanani kutokana na gari kuukuu la abiria lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana. Alikata paa akalishusha, akang'oa milango na madigadi, akasukuma injini nyuma na kuacha kiti kimoja tu. Dereva alikuwa kaka yake, Mungu amrehemu. Uwanja ulikuwa wa vumbi, wa mviringo, kona zote za kushoto, na kwenye kona hizo hakuna gari lililolipata. Wenzake walipunguza mwendo, lenyewe lilijirusha likapita. Misimu mitatu mfululizo liliwalisha watu vumbi.

Pichani, aliyeweka mkono juu ya boneti alikuwa mwenye karakana. Tulimwita Bwana Tai, kwa sababu tai yake ya shingoni hakuwahi kuivua, na haikuwahi kupata hata tone la grisi. Gazeti lilisema klabu ya magari inafungua chumba cha kumbukumbu, na kwamba aliyebuni na kutengeneza Kiroboto kwa mikono yake ni yeye. Kwa mikono yake! Mikono ambayo haikujua spana inashikwa upande gani.

Mume wangu akasoma, akakunja gazeti, akauliza kama chai imebaki.

Damu ilinichemka. Kesho yake nilikwenda klabu peke yangu, nikamkuta katibu, binti mmoja mwenye adabu zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, maneno matupu siwezi kuyaandika kwenye kadi. Leteni ushahidi, nitaibadilisha mwenyewe."

Nilirudi nikamwambia mume wangu. Akaingia kulala. Lakini asubuhi nilimkuta uani, amekalia kigoda, anakata mkebe wangu wa maziwa ya unga kwa mkasi wa bati.

"Unafanya nini na mkebe wangu?"

"Kiroboto," akasema. "Mdogo. Kila sentimita kumi iwe moja. Aliyelitengeneza anaweza kulirudia bila kutazama mchoro."

Miezi saba nyumba yangu ilikuwa karakana. Mikebe ilikuwa bodi. Malapa yangu ya bafuni yalikuwa matairi, aliyakata kwa wembe, akayachonga mistari mmoja mmoja. Bomba la moshi lilitoka kwenye mwavuli wangu, mzima kabisa, si mbovu. Kiti alikishona kwa ngozi ya mkoba niliobeba siku ya harusi ya binti yetu, na rangi nyekundu ilikuwa rangi yangu ya kucha, chupa nne. Niligomba kila siku. Kila siku alisema, "Samahani, mama watoto," na kesho yake kikapotea kitu kingine.

Lakini nilitazama pia. Alikunja bati juu ya ukingo wa meza, akalipima, akalitupa, akaanza tena. Usukani mmoja aliurudia mara tisa. Na vipimo vyote alivipima kwa futi yake ya zamani ya chuma, ile ya kuvuta, ya karakana. Futi hiyo ilikatika mapema, sentimita kumi za mwanzo zikapotea, kwa hiyo namba yake ya kwanza ni kumi. Ukitaka mia, unasoma mia na kumi. Karakana nzima waliitumia hiyohiyo, na wakaigeuza kuwa utani wao. Mtu akisema nakuja baada ya dakika tano, wanamjibu, "Ongeza kumi." Akisema mkewe ana miaka ishirini na tano, "Ongeza kumi." Walicheka mpaka wakashika matumbo, kila siku kwa neno lilelile.

Jumamosi moja saa nne tuliupeleka mfano klabu, tumeufunga kwenye kanga yangu. Wifi alikuja pia. Katibu alikuwepo na wanakamati wawili, na Bwana Tai naye, kazeeka lakini tai iko palepale. "Shemeji," akaniita, kana kwamba tumewahi kula sahani moja. Nikaifungua kanga.

Aliuzunguka mfano. Nilimwona uso unambadilika, maana lilikuwa Kiroboto tupu, hata ule mkunjo wa ubavuni, pale kaka mtu alipogonga ukuta. Kisha akaomba rula. Akapima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kulia, halafu kushoto, akacheka.

"Upande wa kushoto ni mfupi kwa sentimita moja. Yaani kwenye gari zima ni sentimita kumi. Fundi, macho yamekwisha. Gari langu lilikuwa limenyooka."

"Halikunyooka," mume wangu akasema polepole. "Lilikuwa hivyo. Ndiyo maana lilikata kona za kushoto."

"Haiwezekani."

"Fremu yake ipo," wifi akadakia. "Iko kwangu. Kuku wangu wanalala juu yake mwaka wa ishirini huu."

Tulikwenda wote, kwa miguu, mitaa miwili tu. Wifi akaswaga kuku, tukanyanyua mabanzi, fremu ikaonekana, kutu tupu lakini nzima. Katibu alipiga magoti na tepu mpya ya klabu. Kulia, mia mbili na hamsini. Kushoto, mia mbili na arobaini.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe simjui Bwana Tai. Alijikuna kidevu, uso mkavu, akasema, "Sasa nakumbuka. Mimi ndiye niliyeagiza upande wa kushoto ufupishwe. Siri yangu ya kona. Fundi alifuata maagizo tu."

Nilimtazama mume wangu. Sema kitu, baba. Mara moja tu maishani mwako.

"Haikuwa siri," akasema. "Lilikuwa kosa. Nilipima vibaya."

"Mnasikia?" Bwana Tai akawageukia wanakamati. "Mwenyewe anakiri alikuwa anakosea. Mtu wa kukosea ndiye abuni gari la ushindi?"

Katibu akauliza kwa upole, "Mzee, ulikosea vipi?"

"Nilisahau tu," mume wangu akajibu, na akatazama chini.

Hapo ndipo nilipojua anadanganya. Mtu huyu hajawahi kusahau kipimo. Anakumbuka upana wa mlango wa nyumba aliyozaliwa. Kisha nikaiona siku ile, wazi kabisa. Nilikuwa mchumba wake, nimempelekea chakula karakana, msaidizi wake hakuja. Akanipa futi nimshikie. Upande wa kulia alisoma yeye. Upande wa kushoto akaniambia nisome mimi, niweke alama kwa chaki. Nilikuwa naringa na gauni langu jipya, sikutaka lichafuke. Nikatafuta mia mbili na hamsini, nikaweka alama, nikasimama.

Sikuongeza kumi.

"Hakukosea yeye," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa, kuku wakakimbia. "Nilikosea mimi. Futi niliishika mimi." Kisha nikamgeukia Bwana Tai. "Wewe uliyelitengeneza kwa mikono yako, hebu tuambie. Futi ya karakana yako ilianzia namba ngapi?"

Akanikazia macho kama nimechanganyikiwa. "Moja. Futi zote duniani zinaanzia moja."

Mume wangu akaitoa mfukoni na kumpa katibu. Katibu akaivuta, akaitazama mwanzo, akaitazama fremu, akahesabu kimoyomoyo. Mwanakamati mmoja alikohoa. Bwana Tai akasema ana miadi mahali, na hakuna aliyemzuia.

Kadi iliandikwa siku ileile. Inasema Kiroboto lilitengenezwa na fundi wa bodi, na jina lake lote lipo. Nilimlazimisha katibu aongeze mstari wa pili, kwamba upande wa kushoto ulipimwa na mchumba wake. Kama ni kosa langu, liandikwe langu. Nimechoka watu kujipa visivyo vyao na kujitwisha visivyo vyao.

Njiani nilikuwa navimba. Hasira zote nilizomwekea Bwana Tai sasa zilikuwa juu ya mume wangu.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile," akasema. "Kabla sijachomelea."

Nilisimama katikati ya njia. "Kabla hujachomelea? Ungeweza kulirekebisha?"

"Ingebidi nikwambie kwa nini nafuta alama yako. Ulikuwa umefurahi. Na tulikuwa hata hatujafunga ndoa."

Miaka yote hii nimemsema mtu huyu kwa kunyamaza, mbele ya watoto, mbele ya ndugu zake. Na leo alikuwa tayari kulipoteza jina lake mbele ya yule mwizi, ili tu mimi nisijue. Nilitaka kumpiga kwa ule mwavuli usio na bomba. Nililia badala yake, na hilo nalo likaniudhi.

"Siku nyingine nikikosea," nikasema nilipopata pumzi, "uniambie."

"Nitakwambia siku hiyohiyo."

"Ongeza kumi," nikamjibu, tukaendelea kutembea.