Rozari Iliyokwenda Roma

Wewe ukirudi safari, huwa unaonyesha picha zote? Juzi, kwenye treni ya kwenda Westmead, kwenye hospitali kubwa ya Sydney, mama mmoja alikuwa akimwonyesha wifi yake picha za Roma. Walikuwa wanampelekea mama mkwe rozari yake kabla ya operesheni. Mgonjwa aliivua shingoni mwenyewe ili ikabarikiwe kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, na bila hiyo, alisema, haingii thieta.

“Hii ni Koloseo. Hii ni ile chemchemi ya kutupia sarafu. Hapa niko kwenye magofu.”

“Maridadi. Na kwa Mtakatifu Petro?”

“Aki wifi, watu walikuwa wengi, wacha tu.”

“Nimeuliza picha.”

Kidole kikatembea kwenye simu. Koloseo tena, sasa kutoka ubavuni. Nimesoma historia chuo kikuu, lakini sijawahi kuona magofu yakikaguliwa kwa hofu namna ile. Tukapita Parramatta, kikabaki kituo kimoja.

“Mama atakuuliza hata kabla ya salamu. Utamwambia nini?”

Treni ikasimama Westmead, milango ikafunguka. Mwenye picha hakuinuka.

“Foleni ilizunguka uwanja mzima, wifi. Nikaenda Koloseo. Rozari siku hiyo niliiacha hotelini.”