Picha Iliyokataa Kufunguka

Katika miaka yote ya ndoa yetu, mimi na marehemu mume wangu hatukuwahi kuwa na picha yetu wawili. Za kundi zipo: za ubatizo, za kipaimara, za misiba. Mimi niko huku, yeye kule nyuma na wanaume wenzake. Niwekee hizo picha mbele yangu, nitakutajia kila aliyesimama hapo, jina lake, la baba yake, na alikooa au kuolewa. Humu lakini sitaji jina la mtu, maana ninayemsema yuko hai na ana watoto.

Mwaka juzi, wakati wa kupura ulezi, mzee alikuwa ameshaanza kuumwa kifua. Akaniambia, "Mwite mwanao wa kamera aje atupige. Wawili tu."

Huyo mwanangu wa kamera ni mtoto wangu wa ubatizo. Nilimshika mimi kanisani, ana wiki tatu, analia mpaka padri anacheka. Sasa ana studio yake Sumbawanga mjini. Alikuja kesho yake, na kamera mpya kabisa.

Mzee alikuwa na kabuti lake na kofia ya sufu, mimi nimejaa makapi ya ulezi kichwani. Nikasema ngoja nikabadilishe nguo.

"Ukabadilishe nini?" mzee akasema. "Mimi nilikuoa hivyo hivyo."

Tukapigwa palepale tulipokuwa tunapura. Mwanangu akatugeuzia kamera, nyuma yake ina kioo kidogo. Tukajiona. Mzee akatazama sana, akasema, "Kumbe nimezeeka namna hii, na wewe umeninyamazia tu!" Tulicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kwa hiyo tulijiona, kwa macho yetu.

Mzee alifariki wakati wa mvua. Baada ya arobaini nikapanda gari kwenda mjini kuifuata picha yetu. Mwanangu alinipokea vizuri, shikamoo mama, akaniwekea kiti mbele ya kompyuta yake. Ni ya siku nyingi, nimeikuta hapo tangu anafungua studio. Nikaona viboksi vyeupe vimejipanga, kila kimoja kina namba chini yake, sura ya mtu hakuna. Akibonyeza kimoja yanatokea maandishi. Akibonyeza kingine, maandishi yale yale.

"Yanasemaje hayo?"

"Yanasema mafaili yameharibika, mama."

"Si tulijiona kwenye kamera?"

"Siku ile zilikuwa nzima. Zimeharibika baadaye. Vitu hivi havina adabu."

Mimi niliishia darasa la tatu. Mtu akiniambia maandishi ya Kiingereza yanasema hivi, nitambishia kwa lipi? Nililia tu. Akaniambia, "Usilie, mama. Nitakutengenezea nyingine."

Haikupita mwezi akaja nyumbani mwenyewe, amebeba fremu kubwa. Kufungua, ni mimi na mzee, bega kwa bega! Wanangu walipiga vigelegele. Mzee amevaa suti ya bluu, mimi nina kitenge changu cha sikukuu. Ile suti nilijua mwanangu ndiye kamvisha, studio ndivyo zinavyofanya, nikaona ni mapambo tu. Tukaitundika sebuleni. Siku tatu nzima nilikuwa nikiamka naisalimia.

Siku ya nne naifuta vumbi, nikafika kwenye mikono. Mkono wa kushoto wa mzee una pete. Mume wangu kidole cha pete cha mkono wa kushoto hakuwa nacho, shoka lilikichukua akiwa kijana anachonga mpini. Siku ya ndoa padri alimvisha pete mkono wa kulia, kanisa zima likanong'ona. Huyu wa kwenye picha ana vidole vyote vitano: uso ni wa mzee, labda wa picha ya kundi, mwili ni wa mtu mwingine. Nikajitazama na mimi. Kile kitenge na ule mkao ni wa siku ya komunyo ya mjukuu wangu. Siku ile mkono wangu ulikuwa begani kwa mtoto. Sasa umeshika hewa.

Jumamosi akaja mjukuu wangu wa kike anayefanya kazi Matai. Nikamwita, "Mke mwenzangu, njoo uone. Huyu si mume wetu."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Nikamweleza habari ya viboksi vyeupe. Akaniuliza kama kamera ilikuwa mpya na kompyuta ya zamani. Nikamwambia ndiyo.

"Basi hazikuharibika, bibi. Kamera ile inatunza picha zikiwa ghafi, kwa namna yake yenyewe. Programu ya kwenye kompyuta ilitengenezwa kabla kamera hiyo haijakuwepo, kwa hiyo haiwezi kuzisoma. Unazigeuza kwanza kwa programu nyingine, halafu hata hiyo ya zamani inazifungua. Ni kazi ndogo tu."

Siku hiyo hiyo tukaenda mjini. Dirishani mwa studio nikajiona pichani na yule mzee wa suti, mwanangu ametutundika kuvutia wateja. Mjukuu wangu hata hakusalimia.

"Picha za babu ziko wapi?"

"Nilizifuta. Nilihitaji nafasi, nilikuwa na harusi Kabwe."

Mjukuu akaiomba kadi ya kamera, akaihangaikia irudishe zilizofutwa, kwa njia anazozijua yeye. Zikatoka sherehe za watu, moja juu ya nyingine. Babu yake hakutoka.

"Na hizi za Kabwe," akamuuliza, "kompyuta yako ilizifungua?"

"Mwenzangu mmoja alinigeuzia."

"Kabla hujafuta za babu, au baada?"

Akajifanya anafuta kioo cha kamera.

"Nakuuliza wewe."

"Kabla," akasema. "Lakini wale wa harusi ni watu wa kufuatilia, dada. Mama nilijua hataulizauliza."

Alisema hivyo nimekaa pale pale, kwenye kiti alichoniwekea mwenyewe. Kompyuta sikuikasirikia, yenyewe ilisema kweli kwamba haijui. Huyu alijua. Akanitazama nikilia, baadaye akakaa chini akanichagulia mume kwenye picha za watu.

"Nisamehe, mama. Lakini si uliipenda? Nyumba nzima imeipenda."

"Nitoe," nikamwambia.

"Nini, mama?"

"Kwenye hiyo picha. Huyo wa suti muache, mkewe atakuja kumtafuta. Mimi nitoe. Sijawahi kusimama naye."

Mjukuu akanigusa, "Bibi." Nikamwambia angoje.

Picha hiyo kompyuta haikuikataa, ilifunguka mara moja. Mwanangu akanizungushia mstari, kuanzia kilemba mpaka viatu, akabonyeza. Nikatoka. Palibaki pazia la studio, na yule bwana na pete yake.

"Na ya dirishani itoe," nikasema.