Mtu Asiyetuma Sauti

Hii aibu sijamweleza hata mume wangu (ameisikia sokoni Mushaki, lakini kutoka kwangu, hapana), na ninaisema leo kwa sababu mmeniuliza kwa nini siku hizi mtu akianza kuongea ninamwacha amalize, mimi niliyezoea kuwamalizia watu maneno yao kana kwamba wamenituma.

Tulikuwa tunasomea kutunza mifugo kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp, watu wa Karuba, wa Lushebere, wa Kashuga, mpaka kule Walikale, wengi hatujawahi kuonana, na mwalimu akanipa mimi kazi ya kusimamia kundi, cheo kikanipanda kichwani siku ileile. Tulikuwa tunatumiana sauti, zile tunazoita vocal, maana kuandika kunachosha, na mimi kwa udadisi wangu nilisikiliza zaidi yaliyo nyuma ya sauti kuliko somo lenyewe: huyu kwake kuna majogoo mawili, huyu anasikiliza huku anafua, Mama Zawadi wa Lushebere mvua inapiga kwenye hema lake. Ndivyo nilivyoanza kuwaamini, mmoja mmoja, bila kujua sura zao.

Isipokuwa mmoja. Aliweka picha ya ndama badala ya uso, tukamwita Papa Ndama, na hakutuma vocal hata moja, aliandika tu, maandishi marefu, safi, yenye nukta na koma. Mbuzi wa Mama Zawadi alipovimba tumbo, ni yeye aliyemwandikia hatua kwa hatua la kufanya, mbuzi akapona, na tangu hapo kila mtu akawa anamwuliza yeye. Mimi nikawa ninajiuliza: mtu anayejua hivi anaficha sauti kwa nini? (Huku kwetu numero ya simu usiyoijua unaiangalia mara mbili.)

Basi nikaandika, kwa upole kabisa: "Papa Ndama, tuma vocal moja tu, useme jina yako na kwenu." Wawili watatu wakaniunga mkono, nikapata nguvu.

Akajibu: "Niko nasoma na ninyi. Haitoshe?"

Swali zuri, sasa ninaliona, lakini siku ile nililisoma kama dharau, nikampa mpaka saa kumi, saa kumi ikafika, nikamtoa.

Nilidhani sasa watu watakuwa huru. Wakanyamaza. Yale maswali ya kijinga ambayo ndiyo yalikuwa yanatufundisha yakaisha, maana nani ataonyesha ujinga wake mbele ya msimamizi anayefukuza watu? Nikajidanganya kwamba wanajiandaa na mtihani.

Siku ya mtihani tulikutana Masisi-Centre. Nikaketi uani karibu na baba mmoja mwenye koti la bluu, akanisogezea nafasi kwenye benchi, nami kwa kuwa mdomo wangu haupumziki nikaanza kumsimulia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, jinsi nilivyomfukuza mwongo mmoja kwenye kundi. Akafungua mdomo.

"Mi… mi…"

"Wewe pia walikudanganya ku groupe?"

"Ha… ha…"

Nikaona anacheka, nami nikacheka, nikampiga begani, benchi zima likacheka. Akainama, akatoa simu, akaandika. Simu yangu ikalia. Picha ya ndama. "Hapana, Mama. Njo mimi."

Jamani, kumbe ndiye yeye, na ni mtu wa kigugumizi! Nilitaka ardhi inimeze, ikakataa, na hapohapo mwalimu akaanza kusoma majina. Orodha aliitoa kwenye kundi, kwa hiyo mtu niliyemtoa hakuwamo, na asiyekuwamo hafanyi mtihani, hapati cheti, miezi mitano ya masomo imekwenda bure.

"Papa, jina yako haiko ku liste," mwalimu akamwambia. "Ni wewe mwenyewe ulitoka ku groupe?"

Akajaribu kueleza, neno likamkwama, watu wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba muda unakwenda. Nikasimama.

"Hakutoka. Ni mimi nilimufukuza."

"Juu ya nini?"

"Juu hakutuma vocal."

Wale niliokuwa nawachekesha wakanitazama vibaya, na Mama Zawadi, ambaye hema lake nililijua kwa mvua, akageuza uso. Mwalimu akaliandika jina kwa mkono, chini kabisa ya karatasi, baba akaingia nasi.

Tulipotoka nikamfuata kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuongea, nami nikauma midomo, kila neno likikwama ninaliona linakwenda wapi, nikamwacha alimalize mwenyewe. Ilichukua muda.

"Kisha mi… mimi kutoka ku groupe," akasema, "mulikuwa mu… munauliza nani?"

Nikamwambia ukweli. "Hatukuuliza tena."

Akatikisa kichwa polepole, akanipa mkono. Nilimrudisha kwenye kundi palepale, na tangu siku hiyo sijamdai mtu sauti yake, wala sitamdai.