Picha ya Pili, Lusahunga

Nilikuwa naandika maelezo ya kamera ya gari linalojiendesha. Programu inaomba picha ya mbele, inaitazama, kisha inaamua kuondoka au kungoja. Niliandika kwamba gari likishasimama, picha moja inatosha.

Tukaenda kulijaribu Lusahunga, fundi akiwa kwenye usukani, mguu karibu na breki. Gari likasimama kupisha lori. Picha ikaja: barabara nyeupe, haina mtu. Mimi kila kitu nahesabu mara mbili, hata watoto wangu mwenyewe. Nikaomba ya pili. Chini kabisa ya picha palionekana ukingo wa beseni, na gari limeanza kusogea.

“Breki.”

Fundi alikanyaga. Mama muuza ndizi aliinuka mbele ya bampa, kichana mkononi. Hapa gari likisimama, wauzaji ndipo wanapolikaribia. Mimi nimenunua hapo miaka yote, na jambo hilo sikuliandika.

“Shikamoo, mama. Nusura tukugonge.”

“Marahaba. Dereva ni nani kati yenu?”

“Gari linajiendesha lenyewe.”

“Basi anayenunua ni nani?”

Nilinunua bila kupunguziwa hata shilingi. Kisha nikafuta ile sentensi, nikaandika: piga picha nyingine kabla gurudumu halijazunguka.