Mtaro Uliochimbwa kwa Pombe

Anifa binti Shaban alikuwa jirani yangu hapa Makole, ukuta kwa ukuta, na anayesema alikuwa mlevi aje anitamkie mimi, Loisi, usoni. Hakuwahi kuonja hata tone. Mwislamu wa swala tano, mjukuu wa watu waliofika hapa na misafara ya biashara. Aliuza kanga katika duka la ushirika mpaka likafungwa. Soko huria lilipoingia akageukia mitumba, akamsomesha binti yake Salwa kwa makoti ya Ulaya. Nyumba aliachiwa na baba yake, ya matofali ya udongo, na humo ndimo ukoo wao wote ulimokula Idi kila mwaka.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Wakubwa walileta mradi wa kuzuia mafuriko: mtaro wa kuteremsha maji ya mvua mpaka korongoni. Wakachimba kuanzia juu, wakafika nyuma ya chumba chake, wakakusanya sururu zao wakaondoka. Wakasema fungu la fedha limekwisha, jingine liko Dar, linakuja. Basi maji yote ya mtaa wa juu yakawa yanaletwa, kwa heshima zote, hadi ukutani kwa Anifa. Mvua za mwaka wa kwanza zikala plasta, za mwaka wa pili zikaanza kula msingi. Kila akienda ofisini anajibiwa, "Mama, fungu halijatoka. Vuta subira." Subira gani hiyo, jamani, na ukuta umeshainama?

Mwaka wa tisini na saba redio ikatangaza kuwa mvua kubwa za Elninyo zinakuja. Anifa akaamua kipande kilichobaki tukichimbe wenyewe. Akapika sufuria zima la pilau, akawaita wanaume wa mtaa, wengi wao Wagogo wenzangu. Walikuja, tena mikono mitupu, bila jembe hata moja. Wakala kwa adabu, wakizungumza chini chini. Mzee Sila akamuuliza nani amefariki. Wakampa pole, wakaenda zao. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, yeye akaninunia.

"Mama Salwa," nikamwambia, "kwetu ukiwaita watu kwa wali, wanajua ni msiba. Kazi ya jembe watu wanaitiwa pombe."

"Hawawezi kunywa chai?"

"Chai! Wachimbe mtaro kwa chai?"

Zikapita siku kadhaa. Kisha akaja na gunia la mtama, akalitua mlangoni kwangu, uso kaugeuzia pembeni. "Pika wewe. Mimi sitaki hata kuinusa." Nikapika uani kwangu. Mchungaji wangu alinifokea baadaye, lakini hayo ni yangu na yeye.

Halfani, kaka yake Anifa, akapata habari. Akaja kusimama barazani.

"Pombe ikinywewa kwa ajili ya nyumba hii, mimi na wanangu hatuli tena humu."

"Kaka, ikianguka mtakula wapi?"

"Subiri serikali."

"Nimesubiri, kaka."

Watu wakaja asubuhi na majembe na nyimbo. Kufika jioni mtaro umetoboka hadi korongoni, pombe imekwisha, na Mzee Sila anakoroma juu ya rundo la udongo. Mvua ziliponyesha, zilikuwa za kutisha kweli. Mtaa wa chini nyumba ziliporomoka. Ya Anifa ilisimama. Nilipiga vigelegele peke yangu uani kama mwendawazimu.

Idi iliangukia katikati ya mvua zile. Anifa alipika kama kawaida yake, akatandika mikeka chumba kizima. Adhuhuri ikapita, hakuna aliyebisha hodi. Halfani alikuwa ameshawapitia ndugu wote, nyumba kwa nyumba. Mwishowe Anifa akanituma niwaite wachimbaji, wakaja wakala, safari hii kwa vicheko. Yeye nilimkuta jikoni anasugua sufuria lililokwisha takata. Iliniuma sana.

Fungu lilitoka mwaka uliofuata. Wakaleta saruji, wakausakafia mtaro wetu ule ule, wakasimika kibao, wakaandaa sherehe ya uzinduzi. Ikahitajika dua, wakamwomba Halfani. Akasimama ukingoni, pale pale palipochimbwa kwa pombe yangu, akainua mikono, akamshukuru Mungu, akaishukuru na serikali kwa mtaro ulioziokoa nyumba za watu. Loo! Nilitaka kupaza sauti niseme yote. Anifa akanishika mkono.

"Mwache amalize, Mama Stanley."

Akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko watu wote. Kisha akawahi nyumbani kwake, akafungua mlango wote, akasimama kando kumpisha kaka yake. Halfani akapita mbele ya mlango ule bila kuingia, anautazama mtaro.